Maji Yaelekee Wapi

Bwana Wieńczysław, njoo usimame hapa.
Hapana, usivue viatu.
Au vua, ndiyo, vua, ubaki na soksi.
Nataka miguu yako ishuhudie.

Sasa nafungua bomba la mvua.
Tundu la maji liko kule pembeni, na kile kichujio
ulichonisifia kwamba hakishiki kutu.
Tazama maji.
Yanalipa kisogo tundu,
yanakuja mlangoni,
yanakuja kwako.

"Sakafu mpya, mama, inahitaji kuzoea."

Izoee nini? Nilisimamia mizani
bandarini Gdynia miaka thelathini na moja,
nilipima makaa, mapipa ya samaki wa chumvi,
mabehewa ya chuma chakavu,
na sijaona hata siku moja
kilo iliyozoea kuwa gramu mia tisa.

Jumatatu ulisema gundi haijakauka.
Jumatano ulisema jengo zima, ghorofa zote kumi na moja,
limeinama kuelekea baharini, wala si wewe.
Ijumaa simu yako iliita peke yake,
kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.
Yote nimeyaandika daftarini, na tarehe:
swichi ya taa uliyoificha nyuma ya mlango,
kigae kilichobandikwa juu chini, maua yake yakining'inia kama popo,
na mlango wenyewe, ambao ukifunguka wote hugonga sinki
na ukifunguka nusu hunikataa mimi.

Sitapiga kelele. Keki ya tufaha iko mezani.
Fedha za awamu ya mwisho zimo ndani ya bahasha,
bahasha imo ndani ya chungu cha supu,
na chungu nimekikalia.

*

Kijana wake, Gniewko, alizitazama soksi za bosi
zikitoka kijivu kuingia kijivu kizito,
akasema, akiviambia vigae kuliko watu:
"Pimamaji ilisema. Siku ileile ilisema."
Maji peke yake yaliendelea kuongea.

Jumatatu wakaja na nyundo ya umeme.
Bi Rozwita wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio.
Fundi alivunja kama mtu anayetafuna maneno yake mwenyewe.
Halafu akaacha.
"Njoo uone."

Chini ya sakafu yake kulikuwa na sakafu.
Vigae vya kahawia, vya mwaka themanini na tatu,
vilivyopatikana kwa foleni na chupa mbili za vodka,
alivyovipanga Bronisz, mume wangu, akipiga magoti
likizo nzima ya Agosti, na mluzi mdomoni.
Fundi akaweka pimamaji juu yake.
Kiputo kikakimbia, kikajibana pembeni.
Mteremko uleule. Mlangoni.

"Nilifuata nilichokikuta," alisema,
na safari hii hakuwa akitafuta kisingizio.

Miaka arobaini nilitandika taulo kizingitini.
Nilidhani ni kazi ya nyumba, kama kufuta vumbi.
Nilidhani bafu zote hulia kuelekea mlangoni.
Je, alijua? Alikuwa akioga wa kwanza,
na akitoka aliparuka pale, hop,
kama anayevuka mfereji.
Ndiyo. Alijua.
Na mimi, niliyepima shehena za watu hadi gramu,
sikuwahi kumwekea timazi.

"Tunaweza kusawazisha juu yake," Gniewko alisema. "Ibaki."
Nilikaa juu ya ndoo ya saruji iliyogeuzwa.
Nilikaa kitambo.
"Vunja," nikasema. "Na hiyo pia. Mpaka zege."

*

Alhamisi usiku nilimwaga kopo moja.
Maji yalisita, kama mgeni aliyezoea mlango wa nyuma,
kisha yakageuka, yakaenda kwenye tundu
bila kelele wala shukrani.
Nikaitoa bahasha chunguni.

Mlango bado unagonga sinki. Jumanne, anasema.
Taulo bado nalitandika kizingitini.
Mkono haujapata habari.